Swali Lililoitwa Bovu

Mwalimu Mutunga alizaliwa Kilungu, mahali ambapo shamba likiachwa bila matuta, mvua ya msimu mmoja hulibeba na kulimwaga bondeni kwa jirani. Ndiyo maana watu wa kule hawalimi peke yao. Mwethya, kikundi cha majirani wanaolimiana kwa zamu, huja leo kwa huyu, kesho kwa yule, kila mtu na jembe lake, na kazi haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka tuta la mwisho liinuke. Mama yake alikuwa kiongozi wa mwethya, mwanamke mkali asiyevumilia mtu wa kuegemea mpini. Mwanawe alirithi ukali huo bila jembe. Alikwenda chuo cha ualimu, akatoka na stashahada ya hisabati, akapelekwa Migwani, akaoa huko. Kwa miaka mingi akawa ndiye mwalimu ambaye wazazi walimtaja pale mtoto alipokataa kushika kitabu.

Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni zake alizisema waziwazi. Mwanafunzi aliyekosa jibu hakuguswa. Aliyejifanya anajua ndiye aliyesimamishwa mbele ya paredi. "Kutojua si dhambi," alipenda kusema. "Dhambi ni kuficha kwamba hujui." Wanafunzi waliisikia sentensi hiyo mara nyingi hata wakaweza kuisema kwa sauti yake, na kukunja uso kama yeye.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini zilifika habari za mashindano ya kompyuta kwa shule za sekondari. Shule yake haikuwa na kompyuta, wala haikuwa na umeme wa kuiwasha kama ingekuwapo. Lakini duru ya wilaya ilifanywa kwa kalamu tu: unapewa tatizo, unaandika hatua ambazo mashine ingefuata mpaka ilitatue. Shule ambayo ingeongoza ingepeleka wanafunzi wake watatu Nairobi, wakae juma zima chuoni, kila mmoja na mashine yake mezani, wakijiandaa kwa duru ya taifa. Hilo la mashine ndilo lililowapandisha watoto homa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuigusa kompyuta. Walikuwa wameiona kwenye picha za gazeti.

Mwalimu mkuu alitangaza kwenye paredi kwamba shule ina bahati, kwa kuwa Mwalimu Mutunga ni mtaalamu wa mashine hizo. Ukweli ni kwamba Mwalimu alihudhuria mafunzo ya likizo moja tu, walimu watano wakigombea kibodi moja, na yeye, kwa kuwa alikuwa mpole mbele ya wageni, aliishia kutazama mabega ya wenzake. Angeweza kulisema hilo palepale. Alinyamaza, watu wakapiga makofi. Sifa ambayo mtu hakuikataa siku ya kwanza humdai kila siku inayofuata.

Alichagua watatu. Mutindi, msichana wa kidato cha tatu, mkimya, ambaye alifikiri huku akikunja ncha ya sweta yake. Kiilu, wa kidato hicho hicho, mwenye mdomo mwepesi na akili iliyochelewa kuwaka, lakini ikiwaka haizimiki. Na Muktar wa kidato cha nne, mwana wa mfanyabiashara wa mifugo wa Kyuso, aliyekaa Migwani kwa ami yake mwenye duka. Baba yake alikwisha kumwambia kwamba akimaliza kidato cha nne arudi washike biashara pamoja. Kwa Muktar, basi, hapakuwa na mwaka mwingine.

Maswali ya miaka iliyopita yalipowasili, Mwalimu aliamua kuyalima kwa mtindo wa mama yake. Kila swali lilipewa mwenyewe, mmoja wa wale watatu, na siku hiyo wote walikuwa shambani kwake. Aliyelipata jibu mapema hakuruhusiwa kulisema. Kazi yake ilikuwa kuuliza wenzake maswali madogomadogo mpaka nao wafike. Aliyekwama alipaswa kusema, "Hapa nimegonga jiwe," na hakuna aliyemcheka, kwa maana ndipo majembe yote yalipohamia. Na swali halikuhesabiwa kuwa limelimwa mpaka aliyekuwa nyuma zaidi aweze kulieleza ubaoni bila kusaidiwa. Kabla ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kusema kwamba analijua.

Maswali yenyewe yalizungumzia treni, maktaba na hoteli. Wakayahamishia nyumbani. Treni zikawa ng'ombe wanaoteremka mtoni, vyumba vya hoteli vikawa mizinga ya nyuki. Pale mashine ilipotakiwa kukumbuka namba, mtu mmoja alisimama mbele akishika punje za mahindi mkononi, yeye ndiye kumbukumbu, na wengine wakaja kumwongezea au kumpunguzia. Kazi hiyo mara nyingi ilimwangukia Kiilu.

"Mwalimu, mimi nimejazwa saba na bado nina njaa," alilalamika siku moja.

"Kumbukumbu haisemi," Muktar akamjibu. "Na haitafuni. Fungua mkono tuone kama bado ni saba."

Zilikuwa sita. Walicheka hadi Mutindi akaketi chini.

Kwa njia hiyo walilima swali baada ya swali, na Mwalimu akaanza kuamini kwamba wangeweza hata kuishinda ile shule ya mjini Kitui iliyokuwa na mashine yake na mwalimu kijana mwenye shahada.

Kisha likaja swali la kura. Karatasi za kura zinapita mbele ya mashine moja baada ya nyingine, haijulikani ni ngapi. Mgombea mmoja ana zaidi ya nusu ya kura zote. Mashine ina nafasi ya kukumbuka jina moja tu na hesabu moja tu, na karatasi ikishapita hairudi. Itamjuaje mshindi? Watoto waliligeuza mara moja. Kura zikawa mbuzi wanaotoka mlangoni mwa boma, kila mmoja na alama ya mwenyewe sikioni, na Muktar akawa mwenye mamlaka yote juu ya mbuzi, kwa sababu alizaliwa kati yao.

Siku ya kwanza walikwama. Mwalimu naye alikwama, lakini akawaambia waende wakalale nalo. Jumamosi alikaa chini ya upenu wa nyumba yake tangu asubuhi, akichora alama kwenye karatasi na kuzifuta. Kama nakumbuka alama moja, alijiuliza, nitahesabuje zile nyingine? Kwa kila njia aliyojaribu alihitaji nafasi ya pili, na ya tatu. Mkewe, Kalondu, alikuwa akichambua pojo kwenye ungo. Adhuhuri ilipofika alimtazama akamwambia, "Baba Mwende, unaonekana kama mtu aliyepoteza mbuzi."

"Swali limekosewa," Mwalimu akasema. Aliposikia sauti yake ikilitamka hilo, lilimpendeza. Huenda kweli wachapaji waliacha mstari. Uongo mwepesi kuliko wote ni ule ambao msemaji mwenyewe anatamani uwe kweli.

Jumatatu alisimama mbele ya wale watatu. Sentensi ya mwethya, ile ya kugonga jiwe, ilikuwa mdomoni mwake. Angeisema tu, wangejikusanya, na pengine wangefika. Lakini alikumbuka makofi ya paredi, akakumbuka mwalimu kijana wa Kitui, akashika chaki na kulikata swali lile kwa mstari mmoja mrefu.

"Hili ni bovu," alisema. "Wachapaji wameacha sehemu. Tusipoteze wakati."

Kiilu alishusha pumzi. "Nilijua tu. Mbuzi wa Muktar hawahesabiki, ni wa magendo."

Muktar alimrushia punje ya mahindi. Ila Mutindi alikuwa ameinua mkono. Uliinuka kidogo, kufikia bega tu, huku mkono wa pili ukikunja ncha ya sweta. Mwalimu aliuona. Macho yao yalikutana. Hakumwita, na mkono ukashuka.

Nasema aliuona kwa sababu hapo ndipo lilipo kosa lake. Kushindwa na swali ni jambo la kila mtu. Kuuona mkono wa mtoto na kugeukia ubao ni jambo la kuchagua.

Mashindano yalifanyika katika ukumbi wa chuo kimoja mjini Kitui. Wanafunzi waliingia asubuhi; walimu walisubiri nje chini ya mapaa ya bati wakizungumza mambo ya uhamisho. Mlango ulipofunguliwa Kiilu ndiye aliyetangulia, uso umejaa nuru.

"Mwalimu, walituletea tena lile bovu," alisema. "Safari hii wameliita barua na stempu, lakini nililitambua palepale. Hata halikunitoa jasho."

"Ukafanyaje?" Mwalimu aliuliza.

"Nikaandika kwamba swali hili lina kasoro, wachapaji wameacha sehemu. Muktar pia. Tuliona ni vizuri kuwasaidia warekebishe."

Muktar alitikisa kichwa kukubali, kwa heshima, kama mtu aliyefanya kazi aliyotumwa. Mutindi alikuwa amesimama nyuma yao akitazama viatu vyake.

Kosa la uchapaji linaweza kutokea mara moja. Swali lilelile likirudi mwaka mwingine limevaa nguo nyingine, basi lilikuwa zima tangu mwanzo. Mwalimu wa hisabati hahitaji kuelezwa hilo. Alilijua akiwa amesimama pale, na mchana kutwa hakumwambia mtu.

Alasiri waliitwa ukumbini kusikia matokeo. Msimamizi, mzee mcheshi mwenye miwani, alisema kwamba swali lililowatenganisha washindi na wengine ni lile la stempu, lenye alama nyingi kuliko yote. Wengine walilijaribu wakakosa, na hilo si aibu. "Lakini," akaendelea, akiinua karatasi, "kuna watahiniwa wawili ambao wametufundisha kazi. Wanasema swali letu lina kasoro na wachapaji wameacha sehemu."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Hakukuwa na ubaya mwingi ndani yake. Ni kicheko cha watu waliochoka. Mzee hakutaja shule. Lakini Kiilu, ambaye hakuwahi kukosa la kujibu, aligeuka polepole kwenye kiti chake akamtafuta Mwalimu Mutunga kwa macho kule nyuma walikokaa walimu. Hakuwa na hasira. Alikuwa akimngojea asimame. Alikuwa na hakika kwamba Mwalimu wake, yule wa kanuni, atasimama sasa hivi awaeleze watu hawa lile swali lina kasoro gani.

Mwalimu alitazama kofia iliyokuwa magotini mwake. Kicheko kilipoisha Kiilu alikuwa bado amegeuka. Kisha akageuka mbele.

Walitangazwa wa pili. Shule ya mjini iliongoza kwa alama ambazo jibu moja tu la lile swali lingezifuta. Wanafunzi watatu wa shule ile walipanda jukwaani kupeana mikono, na Muktar akawapigia makofi kwa nguvu kuliko mtu yeyote, kama mgeni mwenye adabu kwenye harusi ya watu.

Wakingoja basi la kurudi, Kiilu na Muktar walikwenda kutafuta maji. Mwalimu alibaki na Mutindi kwenye kivuli cha ukuta. Alimuuliza kama yeye pia aliandika kwamba swali lina kasoro.

"Hapana, Mwalimu. Niliacha wazi."

"Kwa nini?"

Mkono wa msichana ulikwenda kwenye ncha ya sweta. Kisha akamwambia, bila kumtazama, kwamba mlinzi wa boma hana haja ya kuzikumbuka alama zote. Anashika alama ya mbuzi wa kwanza na kuhesabu moja. Akija mwenye alama hiyo hiyo, anaongeza. Akija mwenye alama nyingine, anapunguza. Hesabu ikiisha, anaisahau alama ile na kushika ya mbuzi anayefuata. Kila anapopunguza ni kama anawatoa wawili wasiofanana waende zao, na yule mwenye zaidi ya nusu hawezi kumalizwa, hata wengine wote wakiungana dhidi yake. Alama inayobaki mkononi mwishoni ndiyo yake.

Maneno machache, na swali lilifunguka mbele ya Mwalimu kama mlango uliokuwa haujafungwa.

"Umelijua tangu lini?"

"Tangu ile Jumatatu."

"Ndiyo sababu uliinua mkono."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na baadaye hukuniambia. Hata faraghani."

"Ulishasema ni bovu," Mutindi alijibu. "Ningesema si bovu, ingekuwa nimekuaibisha. Mama angenichapa."

Mwalimu aliuliza lile lililomuuma zaidi: basi leo, ndani, akiwa peke yake na karatasi yake, ambapo hakuna mtu wa kuaibishwa, kwa nini hakuandika? Shule ingeshinda. Wangekwenda Nairobi wote watatu.

Kwa mara ya kwanza msichana alimtazama usoni, akishangaa kidogo kwamba jambo hilo lahitaji kuelezwa.

"Hatukulilima pamoja," alisema. "Kiilu na Muktar hawakuwa wamelieleza ubaoni. Wewe mwenyewe ulitukataza kusema tunajua kabla ya hapo. Niliona nikiandika, nitakuwa nimevuna usiku kama mwizi."

Mwalimu alikuwa amewapa watoto kanuni, na mtoto mmoja akaishika kwa uaminifu hadi ikawakosesha safari, wakati mwenyewe aliyeitunga aliivunja kwa kipande cha chaki.

Nyumbani alimweleza Kalondu yote. Kalondu, ambaye alikuwa katika mwethya tangu usichana wake, hakumfariji. Alisema kwao mtu anayefunika ardhi ngumu kwa udongo laini ili ionekane imelimwa hutozwa faini, na akishatozwa wanawake humwimbia, naye huimba pamoja nao, na mambo huisha. "Lakini faini haitozwi mtu ambaye hajasema ni sehemu gani aliyoifunika," alimwambia. "Nenda ukawaambie. Yote, Baba Mwende. Usiwapelekee nusu."

Siku iliyofuata aliwaita darasani baada ya masomo. Alisimama mahali pao, mbele ya ubao, na kuwaambia kwamba swali lilikuwa zima, kwamba yeye ndiye aliyeshindwa nalo, na kwamba aliwadanganya kwa sababu ya kiburi. Akawaomba wamtoze faini kama ambavyo mwethya humtoza mtu wake.

Watoto walitazamana. Nadhani Mwalimu alitarajia wakasirike, na alikuwa amejiandaa kwa hasira. Hakuwa amejiandaa kwa adabu.

"Hakuna shida, Mwalimu," Kiilu alisema haraka. "Ni mchezo tu. Mwaka ujao tutawalima." Alijaribu kutabasamu, na tabasamu lake lilikuwa baya kuliko kilio.

Muktar alikuwa akifikiri. "Pale ukumbini," aliuliza kwa upole, "walipotucheka. Ulikuwa umeshajua kwamba swali ni zima?"

Hapo Mwalimu aliona kwamba bado kulikuwa na sehemu aliyoifunika. "Nilikuwa nimejua," alisema.

Muktar aliitikia kwa kichwa. Alisema amesikia. Kisha akasimama, akampa Mwalimu mkono kama ilivyo desturi ya mtu anayeaga, akamshukuru kwa kuwafundisha, akaenda dukani kwa ami yake kwa kuwa kulikuwa na mzigo wa kushusha. Faini haikutozwa. Mwalimu hatozwi faini na wanafunzi wake, na wao, waliolelewa vizuri, hawakujua njia ya kuitoza hata baada ya kuombwa. Hivyo deni likabaki kwake, halina wa kulipokea.

Mwaka uliofuata aliwapeleka tena Mutindi na Kiilu pamoja na mtoto mwingine, wakawa wa tatu. Wakati huo alikuwa amekwenda kwa mwalimu mkuu na kumwambia ukweli kuhusu yale mafunzo ya likizo moja. Mwalimu mkuu alicheka, akamwambia hayo ni mambo madogo. Ajabu ya aibu ya namna hii ni kwamba watu wako tayari kuipunguza, na anayeibeba haoni ikipungua.

Miaka kadhaa baadaye Mwalimu Mutunga alitumwa Kyuso kusimamia mitihani. Ilikuwa siku ya soko la mifugo. Alikuwa akipita kando ya zizi aliposikia mtu akimwita, na hapo Muktar akaja akivuka vumbi, mtu mzima sasa, kikoi kiunoni, fimbo mkononi. Hakuuachia mkono wa Mwalimu mpaka alipomketisha kwenye kibanda cha chai. Aliwaita wafanyabiashara wenzake. "Huyu ndiye mwalimu wangu," aliwaambia. "Huyu ndiye aliyenifunza kufikiri. Mnaponiona nahesabu mbuzi wa watu watano mlangoni bila kuandika, ni kazi yake."

Wazee wale walimpa Mwalimu heshima zote. Mmoja alimsogezea mto aegemee. Mwalimu aliwashukuru, na maneno yakawa yanamtoka kama ya mtu mgonjwa.

Walipobaki wawili, aliuliza jambo ambalo hakutaka kulijua.

"Muktar, uliwahi kuigusa kompyuta?"

"Bado, Mwalimu," Muktar alisema, akimmiminia chai, uso wake hauna hata chembe ya lawama. "Nasikia Mwingi wameleta moja. Siku moja nikiwa na nafasi nitakwenda niione."

Aliongeza sukari bila kuuliza, kwa kuwa alikumbuka Mwalimu aliipenda chai yenye sukari nyingi. Mwalimu aliinamia kikombe, akanywa.